Magodoro Yaliyovuka Bonde

"Bale bageni bako, balikuya kuangalia nini?"

Mama mdogo aliniuliza hivyo jikoni kwetu Kasha, mtaa wa Bukavu, mchana mmoja tukichambua maharagwe. Alikuwa amekaa kwenye kibao kifupi, kitambaa kimefungwa tumboni kama wafungavyo wanawake waliotoka kuzaa, ila mtoto hakuwepo. Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza sambaza, dagaa wa ziwani, leo ni bei gani, macho yake yakiwa bado kwenye ungo.

Mimi nilikuwa na digrii ya maendeleo vijijini. Nilikuwa mtafsiri wa wageni hao kutwa nzima. Maneno yao yote yalipita kinywani mwangu kabla ya kumfikia mtu yeyote mlimani. Nikasema maharagwe haya yana mawe mengi.

Mama mdogo ni mdogo wa mwisho wa mama yangu, na hanizidi miaka mingi. Aliolewa mlimani, upande wa Walungu, mahali ambapo barabara kubwa unaiacha na kupanda kwa miguu katikati ya migomba. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa kupasuliwa, na madaktari walimwambia wazi kwamba kuanzia hapo asijaribu kuzalia nyumbani wala kwenye kituo kidogo cha afya. Kila mimba itakayofuata lazima afike hospitali mapema. Wakati huo jambo hilo halikumsumbua. Kulikuwa na mradi uliolipiwa na serikali moja ya ng'ambo. Muuguzi mkuu wa kituo chao, ambaye kila mtu alimwita dokta, alikuwa anapiga simu tu, jeep inapanda hadi pale barabara inapokomea, mwanamke anapelekwa hospitali, anapasuliwa na kurudi, na hakuna anayemwuliza pesa. Kwa hiyo alipopata mimba ya pili hakuogopa. Alisema jeep ipo.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi. Nilikuwa nafanya vikazi: kuhesabu kaya kwa ajili ya utafiti wa mtu, kuandika ripoti ambayo mtu mwingine ataweka jina lake, kutafsiri. Baba aliniita jaji, kwa sababu hakuna kitu nilichokiacha kipite bila kukihoji. Nilimwuliza katekista kwa nini sadaka ya mavuno inakwenda parokiani na hairudi. Nilimwuliza mtu wa umeme kwa nini bili inakuja na umeme hauji. Baba alisema siku moja nitamwuliza hata mkwe wake wa baadaye maswali hadi akimbie.

Ndipo nikapata kazi ya siku moja: wageni wa mradi walitaka msichana anayejua Kifaransa, Kiswahili na Mashi, lugha ya mlimani. Wageni hawakuwa watu wa shirika. Walikuwa watu wa serikali yenyewe iliyotoa pesa, wametumwa kuona kwa macho yao kodi ya raia wao imefanya nini kwenye vituo vya afya vya huku. Nakiri nilifurahi. Nilijiambia hatimaye kuna watu ambao kuhoji ndiyo kazi yao, na wanalipwa kwa kazi hiyo. Mimi sijawahi kumwona mtu wa serikali yangu akipanda mlima kumwuliza mama yangu kama kodi anayotozwa kila asubuhi sokoni imemrudia kwa sura yoyote.

Tulianza asubuhi na kituo cha ng'ambo ya bonde, kinachotazamana na kituo cha mama mdogo. Wageni walikuwa watatu. Mkuu wao alikuwa mwanamke wa makamo, nywele fupi zenye mvi, Kifaransa chake cha polepole. Wa pili sikumbuki chochote juu yake. Wa tatu alikuwa kijana mwenye kamera, aliyekula sambaza za njiani kama mtu aliyezaliwa Katana, kando ya ziwa. Pamoja nao alikuja mheshimiwa mmoja wa jimbo, kwa sababu na serikali yetu ilipaswa kuonekana.

Chumba cha wazazi kilikuwa na magodoro mapya ya bluu, yakiwa bado ndani ya nailoni. Kwetu nailoni haitolewi; ukitoa nailoni ya godoro ni kama umeliambia lianze kuzeeka. Moja lilikuwa na tundu la ukubwa wa yai, mahali pasi ya makaa ilipogusa, na mtu alikuwa amelishona kwa uzi mweusi, mishono midogo midogo ya kuvutia. Yule mwanamke mkuu alilibonyeza kwa kiganja. Dawa zilikuwa zimejaa kwenye rafu hadi juu. Ukutani kulikuwa na sanduku la maoni lililopakwa rangi ya kijani, na kufuli.

"Nani analifungua?" akauliza.

Nikatafsiri. Muuguzi wa pale akajibu kwamba ufunguo uko Bukavu, ofisini. Nikatafsiri. Mwanamke akatikisa kichwa, na sikuweza kujua kama anakubali au anasikitika.

Kisha tukala. Mbuzi, wali, sombe ya majani ya mihogo, bugali kwa wanaotaka. Mheshimiwa akasimama kutoa neno la shukrani, na neno likawa refu kuliko misa ya Pasaka. Alishukuru watu wa ng'ambo, akashukuru watu wa jimbo, akarudi tena kuwashukuru watu wa ng'ambo. Nilitafsiri hadi koo likakauka. Niliona tu kwamba wanawake waliotuimbia tulipofika asubuhi wametoweka, nikadhani wamekwenda kuosha vyombo.

Kutoka kituo hicho hadi cha mama mdogo, ukipita kwa miguu bondeni, ni mwendo wa mtu aliyetumwa chumvi. Kwa jeep ni lazima uzunguke mlima mzima, na siku hiyo lori lilikuwa limezama matopeni na kuziba njia. Tulisubiri. Mheshimiwa alilala. Kijana mwenye kamera alipiga picha lori.

Tulipofika, tulipokelewa kwa nyimbo. Akina mama walikuwa wamevaa pagne za sare, vile vitenge walivyoshona kwa ajili ya Siku ya Wanawake, vichwani vilemba vya kitambaa hichohicho. Wageni walipiga makofi. Mimi, sijui kwa nini, nilitazama chini. Chini ya pagne zile nzuri miguu yote ilikuwa na tope jeusi hadi magotini, tope bichi la bondeni, na pindo zilikuwa zinachuruzika maji. Mama mdogo alikuwa mstari wa mbele, tumbo limetangulia, anapiga makofi. Aliponiona akanikonyeza.

Tukaingia chumba cha wazazi. Magodoro ya bluu, ndani ya nailoni. Na pale, kwenye kitanda cha pili kutoka mlangoni, tundu la ukubwa wa yai lililoshonwa kwa uzi mweusi.

Nilisimama. Mkuu wa wageni alilibonyeza kwa kiganja, kama asubuhi, akauliza wanawake wangapi huzalia hapa, nami nikatafsiri swali na jibu bila kusikia ninachosema. Walipotoka kwenda kuona tangi la maji, nilimvuta dokta nyuma ya jiko.

"Dokta, ile matela ya tundu niliiona asubuhi, ngambo kule."

"Kama uliiona, basi munajuana. Iko sawa."

"Na dawa?"

"Na dawa, na mizani, na ile meza ya kuzalisha. Na mungekawia kidogo, tungeleta na dokta wao." Akacheka peke yake. "Tulimuomba mheshimiwa aongee murefu. Ule muzee anajua kazi."

"Juu ya nini munafanya hivi? Hawa ni wakaguzi."

"Wewe mutoto ya Bukavu, nikuulize. Mugeni akikuya kwenu, na nyumba haina kiti, maman yako anamukalisha wapi? Kwa bidoni ya maji?"

"Anaazima kiti kwa jirani."

"Na jirani anasimamaka mbele ya mugeni, anasema: ile kiti ni yangu?"

"Hapana."

"Njo vile."

Nilimwambia kiti cha sebuleni na rafu ya dawa si kitu kimoja. Akaacha kucheka. Alisema dawa zilichelewa kuja, zikaja nusu, na nusu yenyewe ikaisha kwa sababu watu ni wagonjwa. Kwa sababu gani nyingine dawa zinaisha? Lakini mtu aliyetoka mbali akiona rafu tupu hatawaza ugonjwa. "Akiona hakuna kitu, atasema mimi nilikula. Akiona imejaa, atasema huyu mutu ni wa kuaminiwa, tumuongezee. Wewe ulisoma, lakini mimi niliisha pokea bageni wengi."

Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Halikuwa la kijinga. Dokta hakuwa mwizi. Alikuwa mtu anayejua kwamba atashukiwa kuwa mwizi, na alikuwa amejikinga kwa njia pekee ambayo kila nyumba ya huku inaijua. Kituo cha ng'ambo kilikuwa kimekubali kwa moyo mmoja, kwa sababu safari ijayo wao ndio wangeazima.

Lakini siku ile sikuwa na subira ya kuwaza hivyo. Nilimfuata yule mwanamke kwenye tangi, wenzake wakiwa wametangulia, nikamwambia kwa Kifaransa kwamba magodoro aliyoyaona si ya kituo hiki, kwamba dawa nyingi si zake pia, kwamba vyote vilivuka bonde tukiwa mezani. Nilimwambia kituo hiki kina upungufu na akiandika kwamba kimejaa, watu wataumia.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nililiona tundu," akasema. "Limeshonwa vizuri sana."

"Kwetu pia mgeni huwekewa vikombe vizuri," akaongeza.

"Utaliandika?"

"Tutaona." Kisha akaniuliza choo kiko wapi.

Wakati wa kuagana mama mdogo alinisogelea. "Mulikuwa munaongea nini na muzungu wako pale kwa maji? Dokta alikuwa anakuangalia sawa askari."

"Nilimwambia ukweli. Kwamba vitu ni vya kuazima."

"Ee Mungu. Mutoto ya dada yangu." Alishika mdomo, halafu akacheka kwa sababu hakujua la kufanya. "Na jasho yetu yote? Mimi nilibeba mizani."

"Ulibeba mizani na tumbo hilo?"

"Balinihurumia. Bengine balibeba matela."

Jioni magodoro yalirudi kwao. Sikuona, lakini yalirudi.

Mvua kubwa zilipoanza, dokta alitangaza baada ya misa kwamba mradi umefika mwisho. Kwamba kwa sasa jeep haitapanda tena, na hospitalini kila mtu atajilipia. Hakuna aliyekuja kueleza zaidi. Wageni walitaka kuona, wakaona. Mlima nao ulitaka kujua, na mlima haukuwa na mtu wa kumtuma ng'ambo kubonyeza magodoro yao.

Kwa hiyo mlima ulijipatia maelezo wenyewe. Maelezo yalikuwa mimi. Nilipokwenda kumsalimia mama mdogo, wanaume waliokuwa wanakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kando ya njia walisimama wote kwa heshima ya uongo.

"Madame Ukweli, karibu!"

"Mufiche viti, Madame Ukweli anapita!"

"Madame, uniangalilie hii suruali, ni yangu ama niliazima?"

Tonton, mume wa mama mdogo, hakutania. Alinipa kiti, akakaa mbali. Alisema kwa sauti ya chini kwamba mgeni ukimwaibisha mwenyeji wake mbele yake, na yeye mgeni anaona haya, na mtu aliyeona haya mahali harudi. Hiyo ndiyo ilikuwa nadharia ya dokta, na mlima mzima uliikubali.

Yangu ilikuwa kinyume kabisa. Niliamini kwamba yule mwanamke hakuandika neno langu hata moja; kwamba aliandika rafu zimejaa, magodoro ni mapya, akina mama wana furaha na wanaimba; na kwamba mtu mahali fulani alisoma hayo akasema, vema, hawa hawahitaji tena. Nilimwambia dokta hivyo usoni. Yeye akaniambia mdomo wangu ndio uliofunga jeep. Mimi nikamwambia magodoro yake ndiyo yaliyoifunga. Tuligombana mbele ya wagonjwa, kwa Kifaransa, ili wasielewe, na wote walielewa.

Mama mdogo, mwenye mimba, alikuwa amekaa kwenye benchi la ukumbini akisubiri kupimwa. Hakuchukua upande. Tulipochoka aliuliza kitu kimoja tu: "Sasa siku yangu ikifika, nitapita na nini?"

Dokta alisema tutatafuta. Mimi nikasema tutatafuta. Hilo tulikubaliana.

Mpango ulikuwa ashuke Bukavu, akae kwetu Kasha, siku ziishie karibu na hospitali. Lakini mvua ilikata barabara, na mtoto wake wa kwanza akapata homa, na kulikuwa na mihogo shambani. Akasema wiki ijayo. Uchungu ulimkuta mlimani. Walimteremsha kwa tipoy, ile machela ya miti wanayobeba wanaume wanne, hadi barabarani. Hapo dokta mwenyewe alisimama kwenye mvua, anasimamisha kila kinachopita. Pikipiki mbili zilikataa kumbeba mwanamke wa hali ile. Baadaye lori la mkaa lilikubali. Dokta alipanda naye juu ya magunia, akishikilia mwamvuli. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu sikulijua siku zile nilizokuwa namchukia.

Walifika hospitali kovu la zamani limeshapasuka ndani. Madaktari walimwokoa yeye. Mtoto, msichana, alikuwa amekwisha kufa njiani. Waliondoa na kizazi, kwa hiyo hapakuwa na mimba ya tatu ya kuwaza itapita na nini.

Ndivyo alivyokuja kukaa kwetu kupona, na ndivyo tulivyokuwa jikoni siku ile, na ungo, na swali lake.

Nilipomjibu habari ya mawe kwenye maharagwe, hakunikasirikia. Alitoa mawe mawili, akayaweka kwenye sahani.

"Na ile mizani," akasema, "balipima kitu?"

Nilijaribu kukumbuka. Mizani ilikuwa kwenye kona, chini ya dirisha.

"Hapana, maman mudogo. Hawakuigusa."

"Bon," akasema, akaendelea kuchambua.

Baada ya hapo miaka ilipita kama inavyopita kwetu. Mama mdogo alirudi mlimani, na bado tunapigiana simu, zaidi kuhusu mihogo. Dokta alihamishiwa kituo kingine. Mimi nilipata kazi ya kweli katika mojawapo ya mashirika haya, nikajifunza kuandaa ziara za wageni, na nikagundua kwamba na mimi huwa nanusa rangi mbichi ukutani nikifika mahali, na sisemi kitu. Siku hizi, ninapoandika haya, vita vimeufikia mji, benki za Bukavu zimefungwa, jeep nyingi zilizokuwa zikipanda milimani hazipo tena, na watu hawaulizi tena mradi umeishia wapi. Wanauliza kama kuna wowote uliobaki.

Kabla benki hazijafungwa kulikuwa na semina moja hotelini, kando ya ziwa. Za namna hiyo zilikuwa nyingi. Mada ilikuwa ni jinsi ya kuwajibika kwa watu tunaowasaidia. Wakati wa kahawa mwanaume mmoja mwenye ndevu alinijia akicheka, akasema, wewe ndiye mtafsiri wa magodoro. Alikuwa yule kijana wa kamera. Sasa anafanya kazi kwingine. Alisema hadithi ya tundu lililoshonwa waliisimulia kwao kwa muda mrefu, kwa upendo, alisema, kwa upendo kabisa.

Nilimwuliza nililokuwa nimelibeba muda wote huo: mkubwa wake aliandika nini? Aliandika nilichomwambia, au aliandika alichokiona? Kipi kati ya hivyo viwili kilichofunga mradi?

Hakuelewa swali. Nililirudia polepole, kama mtu anayetafsiri. Ndipo akaweka kikombe chini.

"Hapana, hapana," akasema. "Ile haikuwa ziara ya kuamua. Sheria yetu inataka mradi ukifungwa, watu waende kuutazama mara ya mwisho, ili bunge lisije likasema hatukuutazama."

"Kwa hiyo ulikuwa umeshafungwa."

"Zamani."

Nikamwuliza zamani ni lini. Alifikiri, akanitajia mwezi. Nilihesabu kurudi nyuma, kwa vidole, chini ya meza. Uamuzi wa kuufunga ulitiwa saini huko kwao kabla wageni hawajakata tiketi zao za ndege, na kabla mama mdogo hajajua kwamba ana mimba.